Farasi anayeshinda kwa kutembea: jibu kwa dada anayemtunza mzee wa Tennessee

Swali limetoka kwa dada mmoja Mtanzania, yuko hapa hapa Tennessee anafanya kazi ya kutunza wazee. Nalifupisha:

"Shikamoo kaka. Namtunza mzee wa miaka 84, Mmarekani, ukutani kwake kuna ribon za rangi rangi na picha yupo juu ya farasi mweusi, kavaa suti na kofia ya duara. Kila jioni alikuwa ananisimulia mashindano ya farasi wa kutembea, mara Wartrace mara Shelbyville mara sijui Lions Club, mi naitikia tu lakini sielewi, farasi kutembea ni mashindano gani? Halafu juzi mjukuu wake kaja kamwambia babu nyie mlikuwa mnawatesa wale wanyama. Mzee kageukia ukutani na tangu siku hiyo hasimulii tena. Ni kweli waliwatesa? Na mimi niongee naye nini?"

Marahaba dada. Mimi ni fundi wa kwato, kazi yangu kuchonga kwato za farasi na kuwapigilia viatu. Nilianza nikiwa mdogo nabeba ndoo za maji kwenye mazizi ya farasi kule Usa River, nikaja huku 2004, na miaka minne ya mwanzo nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwenye banda moja la farasi hawa hawa wa mzee wako, kaunti ya Bedford ambako ndiko Shelbyville iliko. Kwa hiyo jibu langu litakuwa refu, chukua chai.

Kwanza toa neno mbio kichwani. Hapa hakuna mstari wa kumalizia, hakuna wa kwanza kufika. Wanaingia uwanjani farasi kumi au zaidi kwa mpigo, wanazunguka pembezoni wote pamoja, jaji kasimama katikati na karatasi yake anaangalia nani anatembea vizuri. Basi. Mtangazaji kwenye spika anaita mwendo, kwanza ule wa taratibu, halafu wa haraka ambao mzee atakuwa anauita running walk, halafu kamserereko kama kiti cha kubembea, kisha wote wanageuza waanze upya upande wa pili, mwisho wanapanga mstari wasubiri majina. Ukimsikia mzee usingizini anasema "reverse" usishtuke, yuko uwanjani.

Sasa huo mwendo ndo kila kitu. Farasi wa kawaida ukimwongeza kasi kutoka kutembea anaingia mwendo unaoitwa matiti (trot kwa Kiingereza), miguu inapiga miwili miwili kwa mshazari na wewe uliyepanda unarushwa kama umekaa nyuma ya bodaboda kwenye barabara ya makorongo. Huyu wa Tennessee haingii matiti. Anaongeza kasi huku bado anatembea, kila mguu unagusa chini peke yake kwa zamu yake, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, na anaweza kufika kilomita 16 kwa saa na kuzidi bila kuvunja huo mpangilio. Mguu wa nyuma unakuja kukanyaga mbele ya alama ya mguu wa mbele, unaipita kwa sentimita 15 mpaka 45, na kichwa kinaitikia, kinashuka kinapanda kama mtu anayekubali maneno ya mkwe, masikio yanalegea yanapigapiga, wengine mpaka meno yanagongana kwa mdundo. Aliyekaa juu katulia tuli. Kuna watu wanapenda kuonyesha kwa kushika glasi ya maji mkononi, haimwagiki.

Na usidhani ni maajabu ya Wazungu. Wazee wetu wa pwani waliopanda punda walikuwa na jina kabisa la mwendo wa namna hiyo, telki, ule wa haraka na laini usiomchosha mpandaji, na walijua kuutenganisha na matiti na kuutenganisha na shoti, yaani mbio kamili. Punda wa telki alikuwa na bei yake. Siku hizi neno limebaki kwenye kamusi, lakini mimi nilipoona hawa farasi mara ya kwanza ndilo lililonijia.

Historia nitaipitia haraka. Walifugwa huku Tennessee ya kati kwa ajili ya mashamba makubwa, msimamizi alitaka mnyama atakayempitisha katikati ya mistari ya mazao kutwa nzima bila kumuumiza mgongo (nani alikuwa anapalilia hiyo mistari miaka ya mwanzo unajua mwenyewe, tusiende huko). Dume ambaye wote wanahesabiwa kutoka kwake ni Black Allan, alizaliwa 1886, walimtaka akimbie mbio za kukokota kigari akashindwa kwa sababu miguu yake haikutaka kwenda walivyotaka wao, akauzwa huku na huku, mpaka 1903 bwana mmoja anaitwa James Brantley alipomchukua. Chama cha kuandikisha ukoo kilianzishwa Lewisburg mwaka 1935. Na 1939 Henry Davis wa Wartrace akawashawishi watu wa Shelbyville waanzishe sho kubwa, ndo hiyo mpaka leo wanaiita Celebration, siku 11 mwishoni mwa Agosti, na usiku wa Jumamosi ya mwisho ndo anapatikana bingwa wa dunia. Bingwa wa kwanza kabisa alikuwa Strolling Jim, farasi aliyehasiwa, ambaye kabla ya hapo alikuwa anafanya kazi za shamba tu kama wewe na mimi, akaonwa na Floyd Carothers, mkufunzi aliyekuwa na hoteli yake pale Wartrace, akamfundisha, akampanda mwenyewe, wakashinda. Kaburi la huyo farasi liko nyuma ya hiyo hoteli. Nimeenda kuliona, nilisimama pale kama niko kaburini kwa mtu.

Mzee wako ana 84, kwa hiyo alikuwa mtoto wa miaka minne mitano wakati Midnight Sun anashinda 1945 na 1946, dume jeusi kubwa. Wavulana wa vijiji vya huku umri wake walikua na hilo jina kama sisi tulivyokua na majina ya wachezaji wa Simba na Yanga. Na mwaka 1966, akiwa kijana wa miaka 25 hivi, ndo Betty Sain, msichana wa kutoka Bell Buckle hapo jirani, alishinda ubingwa akiwa juu ya Shaker's Shocker, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Mtaje huyo mama mbele yake uone. Nimekutana na wazee wasiokumbuka walikula nini mchana lakini usiku ule wanausimulia mpaka hali ya hewa.

Ila nadhani kikubwa anachokisimulia mzee hata siyo Celebration. Umesema Lions Club. Hizo ni sho ndogo za usiku mmoja, na kama unataka kumuelewa elewa hizo, maana watu wengi wa farasi hawa hawakuwahi hata kukaribia ubingwa wa dunia, maisha yao yote yalikuwa Jumamosi hizi ndogo ndogo. Kila mji una yake, Wartrace, Belfast, Petersburg, Cornersville, na zinaandaliwa na klabu ya wafadhili ya pale mjini, hela ya kiingilio na ya chakula inanunua miwani ya watoto wa shule au inatengeneza bustani ya mji. Msimu unaanza machipuko unaenda mpaka kiangazi kiishe, na mtu na familia yake wanafunga treila kila wikiendi.

Nikuonyeshe moja. Ya kwanza niliyoenda ilikuwa mwezi wa saba, joto la kufa mtu, uwanja wenyewe duara la udongo mwekundu lililozungushiwa ubao, majukwaa ya mbao, na nyuma yake malori na treila zimepaki kwenye majani mpaka barabarani. Kina mama wa klabu wanauza nguruwe wa kuchambuliwa kwenye mkate na vile vitumbua vyao vya kukaanga vyenye matunda ndani. Mtangazaji kakaa kwenye kibanda juu anamjua kila mtu, anataja farasi anamtaja na baba wa mpandaji na kwamba bibi yake katoka hospitali jana tumwombee. Ya kwanza wanaingia watoto wadogo, miaka mitatu minne, wamekaa juu ya lifarasi likubwa huku mzazi anavuta kamba, na wote wanapewa ribon, hakuna anayeshindwa. Halafu kina mama, halafu vijana, halafu farasi wa miaka miwili ambao hawajui hata taa ni nini wanashtukia vivuli vyao. Jua linazama, taa zinawaka, nondo wanajaa, na zile kubwa zinaanza. Hapo ndo unawaona wale wapandaji wenyewe, wanaume wa makamo wamevaa suti ya vipande vitatu na tai na kofia ngumu ya duara, kwenye joto lile, namba imebandikwa mgongoni, jasho linachuruzika kwenye kola na hakuna anayejifuta maana mikono ina hatamu.

Mikono ndo sifa ya mpandaji. Huku wakitaka kumsifu mtu hawasemi anapanda vizuri, wanasema ana mikono. Maana farasi anaongozwa kwa lijamu na ule mwendo unavunjika kwa kitu kidogo sana, ukivuta zaidi anaanza kupiga miwili miwili, ukilegeza anazembea, kwa hiyo mtu anakaa kule juu anaongea na mdomo wa mnyama kwa vidole viwili muda wote. Ukimtazama mzee wako akisimulia angalia vidole vyake.

Mimi nilikuwa getini na taulo. Saisi kazi yake hapo ni kumfuta farasi povu, kumpangusa miguu udongo, kukimbilia kofia ikianguka, halafu kukaa kimya. Nilikuwa na mzee mmoja mweusi wa miaka sabini na kitu aliyekuwa saisi tangu utoto, na hawa ndugu zangu naomba niwataje kwa sababu kwenye picha za ukutani hawapo. Farasi wengi sana walilishwa, walifundishwa na kupashwa misuli na watu weusi alfajiri, halafu jioni akapanda mwingine akapigwa picha. Huyu mzee alikuwa anasimama kwenye ubao anafumba macho. Nikamuuliza unasinzia? Akaniambia nyamaza usikilize. Wanapita farasi kumi na mbili mbele yetu na yeye kafumba macho ananihesabia kwa kidole kwenye ubao, tak, tak, tak, tak, nne zilizo sawa kabisa, huyo mzuri. Akapita mwingine, kidole kikawa tak-tak, tak-tak, akatingisha kichwa, huyo anateleza kuelekea mwendo wa miwili miwili. Akanitajia watatu wa kwanza kabla jaji hajatangaza na akapatia wawili, wa tatu akasema jaji ndo kakosea. Mpaka leo nikimkagua farasi kabla ya kumvalisha viatu namwambia mwenyewe amtembeze kwenye lami mi nafumba macho.

Haya, sasa swali gumu. Ni kweli waliwatesa?

Ndiyo, dada. Siwezi kukuzungusha. Sio wote na sio tangu mwanzo, lakini ilitokea, ilitokea sana, na bado haijaisha. Miaka ya 1950 watazamaji na majaji walianza kupenda farasi anayerusha miguu ya mbele juu kupita kiasi huku nyuma kama anakaa chini, mtindo wenyewe unaitwa Big Lick. Mwendo wa asili ukaonekana wa kizee. Njia ya kuupata huo mpya ni mafunzo marefu na viatu vizito, lakini mtu akagundua njia ya mkato: unapaka pale juu ya kwato kitu kinachounguza, dizeli, mafuta ya haradali na vitu vingine vibaya zaidi, unafunga na nailoni usiku kucha, kesho unamvisha mnyororo pale pale penye kidonda. Kila akikanyaga mnyororo unagonga, basi anaunyanyua mguu kwa maumivu, na watu wanapiga makofi. Wengine ni mafundi wenzangu, aibu yetu hii, wanachonga kwato mpaka kwenye nyama halafu wanapigilia kiatu juu yake.

Serikali ikapiga marufuku mwaka 1970 kwa sheria ya kulinda farasi, lakini mkaguzi mara nyingi alikuwa mtu wa humo humo kwenye fani, na wakaguzi wa serikali wenyewe walifika sho chache tu. Mkaguzi anapitisha kidole gumba pale juu ya kwato kwa nguvu, farasi akishtuka hafai. Dawa yake wakaipata: nyumbani wanafanya ukaguzi wa uongo, farasi akishtuka anapigwa, kwa hiyo anajifunza kwamba kusimama kimya ndo unafuu. Mwaka 2006 pale Celebration waliochaguliwa kugombea ubingwa walikuwa kumi, wakaguzi wa serikali wakapitisha watatu tu, zogo likawa kubwa na mwaka huo bingwa hakupatikana kabisa. Mwaka 2012 ikatoka video ya siri iliyopigwa kwenye banda la Jackie McConnell, mkufunzi mkubwa aliyewahi kuheshimiwa sana, Marekani nzima ikaona kwenye televisheni, akahukumiwa faini ya dola 75,000 na kifungo cha nje, na Pepsi wakaondoa udhamini wao. Tangu hapo majukwaa hayajajaa tena kama zamani.

Mimi nilitoka kwenye lile banda langu kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna aliyenieleza kitu. Asubuhi moja niliingia kumlisha farasi jike mmoja niliyempenda, alikuwa amelala, na hawa wakiamka na njaa huwa wanapiga kelele ukutani. Hakuamka. Nikapiga magoti nimguse mguu, kabla vidole havijafika akaukunja akauficha chini ya tumbo kama mtoto anavyoficha mkono asichomwe sindano. Nilijaza ndoo yake, nikaenda kuchukua koti langu. Sikusema kitu kwa mtu yeyote wakati ule na hilo ndo linanikera mpaka leo, kwamba sikusema.

Sasa kuhusu mzee wako, mimi na wewe hatujui alifanya nini. Lakini ile picha inaweza kukusaidia kidogo. Angalia miguu ya mbele ya yule farasi. Kama kwato ni fupi na kiatu ni chembamba cha kawaida, basi hiyo ni sho ya zamani au ni kundi la mashindano la viatu vya kawaida, na kisa cha mjukuu hakimhusu sana huyo farasi. Kama kuna kitu kinene chini ya kwato kama tofali na kamnyororo juu yake, ni wakati wa Big Lick. Hata hapo usimhukumu kwa picha, maana tofali na mnyororo vyenyewe viliruhusiwa, mnyororo mwisho gramu 170, na wapo waliovivalisha bila kupaka kitu. Mi binafsi sivipigilii kwa mteja yeyote, akitaka hivyo aende kwa fundi mwingine. Leo mimi navalisha farasi wa viatu vya kawaida tu, na nikwambie wale wa telki ya asili bado wapo, bado wana sho zao, na wanatembea vizuri mno bila mtu kuwaumiza, kitu ambacho kingepaswa kuwa wazi kwa kila mtu tangu 1939.

Mjukuu yuko sahihi, ila kamwambia babu yake kitu ambacho nina hakika babu anakijua kumzidi. Wazee kadhaa wameniambia wenyewe nikiwa nimeinama chini ya farasi wao, maana fundi wa kwato watu wanamwambia mambo, uso hauonekani. Mmoja aliacha sho kabisa baada ya farasi mmoja. Mwingine aliniambia tulijua na tukaenda tu. Kwa hiyo usimuulize mzee kama alifanya, siyo kazi yako, na usimwambie hakuna shida, siyo kweli. Akitaka kukwambia atakwambia usiku usioutegemea, we kaa tu.

Anza na ribon. Huku bluu ndo ya kwanza, nyekundu ya pili, njano ya tatu, nyeupe ya nne, pinki ya tano. Wageni wengi wanaisifia ile nyekundu, usifanye hivyo. Tafuta ya nne au ya tano, iliyofifia, muulize hii ilikuwa wapi na farasi gani, maana ya bluu kaishasimulia mara mia, ile ya tano hakuna aliyewahi kumuuliza. Muulize nani alikuwa anamshikia taulo getini. Muulize farasi wake wa kwanza aliitwa nani kabla hajaanza mashindano, yule wa nyumbani, wa kwenda dukani.

Na kama bado kageukia ukutani, kaa kwenye kiti chako karibu na kitanda, chukua vidole viwili ugonge meza pole pole: tak-tak, tak-tak, tak-tak, miwili miwili, matiti kabisa. Mwambie nimeambiwa hivi ndivyo wanavyotembea wale farasi wako. Endelea kugonga vibaya. Hawezi kuvumilia, dada, atageuka akushike mkono akuonyeshe.